Mtihani wa Barafu Kabla ya Safari ya Europa

Barafu ya milimani na ya nchani mwa dunia huanza kama theluji, na theluji haianguki peke yake. Hushuka na vumbi lililopeperushwa kutoka jangwani, chumvi ya bahari, majivu ya volkano, chavua ya maua, na pamoja na hayo bakteria na kuvu. Theluji ya mwaka huu huilalia ya mwaka jana, uzito hukandamiza tabaka za chini mpaka hewa ikabaki viputo vidogo tu, na kila kilichoanguka kikafungiwa humo. Kwa muda mrefu wataalamu wa barafu waliwahesabu vijidudu hao kuwa maiti zilizohifadhiwa vizuri. Wengi wao ni maiti kweli. Waliobaki hai ndio waliozua taaluma nzima, na leo taaluma hiyo inahusu anga za juu kama inavyohusu Greenland na Antaktika.

Uhai unawezekana humo kwa sababu ya chumvi. Maji yanapoganda, fuwele za barafu huikataa chumvi, nayo husukumwa pembeni ikakusanyika mahali fuwele zinapokutana. Maji yenye chumvi kali huganda kwa shida, kwa hiyo hubaki mishipa ya kimiminika, myembamba kuliko unywele, hata baridi ikiwa chini sana ya nyuzi sifuri. Mwaka 2000 mwanafizikia P. Buford Price wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, alieleza kwamba mishipa hiyo inatosha kuwa makazi, maana bakteria hupata humo maji, madini na chembechembe za kaboni za kujilisha. Maisha yenyewe ni ya dhiki. Bakteria wa maziwa yaliyosahauliwa jikoni huongezeka maradufu kwa muda mfupi. Wa barafuni hutumia karibu nguvu zake zote kukarabati vinasaba vinavyoharibika polepole, na kuzaa hukuahirisha.

Polepole hiyo inasumbua maabara. Bakteria aliyepewa jina Herminiimonas glaciei alitolewa Greenland, kwenye kina cha zaidi ya mita 3,000, katika barafu ya miaka kama 120,000. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania State waliomtangaza mwaka 2009 walilazimika kumtunza miezi 7 kwenye nyuzi joto 2, kisha miezi mingine 4 na nusu kwenye nyuzi joto 5, ndipo makundi yake yakaanza kuonekana. Roboti iliyotua kwenye mwezi wa sayari ya mbali, yenye betri ya kudumu majuma machache, haiwezi kungoja kiasi hicho. Kupandikiza bakteria na kusubiri waote, njia ya hospitali zote duniani, ni njia ya kwanza kuachwa.

Mahali panapotajwa sana ni Europa, mwezi wa sayari ya Mshtarii, ambayo wengi huiita Jupita. Una kipenyo cha kilomita 3,100 hivi, na vipimo vya chombo Galileo vilionyesha kwamba chini ya gamba lake la barafu kuna bahari ya chumvi. Enceladus, mwezi wa Zohali, ni mdogo zaidi, kilomita 500 tu, lakini wenyewe hurusha maji yake angani: chombo Cassini kiligundua mifoko ya mvuke na chembe za barafu kwenye ncha yake ya kusini mwaka 2005, kikapita ndani yake mara kadhaa. Takwimu zake zilionyesha haidrojeni, iliyotangazwa mwaka 2017, na fosfeti, iliyotangazwa mwaka 2023. Mirihi nayo ina barafu nchani na chini ya udongo, na chombo Phoenix kiliifukua kwa mkono wake mwaka 2008. Kote huko swali ni lile lile. Ikiwa ndani ya barafu kuna seli chache mno, chombo kitazijuaje, na kitajuaje kwamba hakikuja nazo kutoka nyumbani?

Nusu ya pili ya swali hilo ndiyo ngumu, na kwenye mijadala ya safari za anga hupewa nafasi ndogo kuliko inavyostahili. Mahali ilipojionyesha wazi kuliko pote ni kituo cha Kirusi cha Vostok, katikati ya Antaktika, ambako mwezi Julai 1983 ilipimwa baridi ya nyuzi 89.2 chini ya sifuri. Chini ya kituo hicho, baada ya karibu kilomita 4 za barafu, kuna ziwa lenye urefu wa kilomita 250 hivi. Uchimbaji uliokusudiwa kusoma historia ya hali ya hewa ulisimamishwa mwaka 1998 kwenye kina cha mita 3,623, yakiwa yamebaki mita kama 120 kulifikia ziwa. Ila kuanzia mita 3,539 hivi kwenda chini, barafu iliyopandishwa haikuwa theluji ya kale tena. Ilikuwa maji ya ziwa lenyewe yaliyoganda kwa chini. Wanasayansi wakawa na sampuli ya ziwa bila kuligusa.

Desemba 1999 jarida la Science lilichapisha ripoti mbili katika toleo moja. Kundi la David Karl wa Hawaii lilipima barafu ya kina cha mita 3,603 likapata seli kati ya 200 na 300 kwa kila mililita ya maji yaliyoyeyushwa. Kundi la John Priscu wa Chuo Kikuu cha Montana State lilipima barafu ya mita 3,590 likapata kati ya 2,800 na 36,000. Umbali kati ya vipande hivyo viwili ni mita 13. Tofauti ya hesabu inaanzia mara tisa na kuvuka mara mia. Huenda barafu yenyewe ilitofautiana, huenda rangi za kuzing'arisha seli chini ya hadubini zilitofautiana, na huenda baadhi ya seli ziliingizwa na binadamu.

Shaka hii ya mwisho ilikuwa na msingi. Shimo refu kwenye barafu hujifunga lenyewe lisipojazwa kimiminika kisichoganda, na shimo la Vostok lilijazwa mafuta ya taa yaliyochanganywa na kemikali za jamii ya friyoni. Mafuta hayo hayakuwa safi kibiolojia. Wapo bakteria wanaokula mafuta ya taa. Kila nguzo ya barafu iliyopandishwa ilioga ndani yake mwendo wa zaidi ya kilomita tatu kabla ya kufika juu, ikashikwa kwa glavu, ikasafirishwa kwa ndege na meli, ikakatwa kwa msumeno. Mwaka 2004 kundi la Sergey Bulat wa Saint Petersburg lilitangaza kuona humo vinasaba vya Hydrogenophilus thermoluteolus, bakteria wa chemchemi za maji moto. Wenye matumaini walisema basi kwenye sakafu ya ziwa kuna chemchemi za joto. Wenye mashaka walitaka kwanza kujua kila kilichogusana na ile barafu.

Ziwa lilifikiwa Februari 5, 2012, kwenye kina cha mita 3,769.3. Maji yalipanda shimoni kwa msukumo, yakakutana na mafuta ya taa, yakaganda. Machi 2013 kundi la Bulat lilitangaza kwamba ndani ya sampuli kuna vinasaba vya bakteria asiyefanana na yeyote anayejulikana. Siku chache baadaye mkuu wa maabara ya vinasaba katika taasisi yao hiyo hiyo akasema kilichoonekana ni uchafu tu. Mwaka huo huo kundi la Marekani lilichapisha orodha ya vipande 3,507 vya vinasaba kutoka barafu ya ziwa hilo, vingine vikifanana na vya viumbe wanaoishi na samaki. Wahakiki wengi waliipokea orodha hiyo kama kielelezo cha uchafuzi kuliko cha samaki wa Antaktika.

Hakuna sababu ya kuwacheka watafiti wa Vostok. Walifanya kazi mahali pagumu kuliko pote duniani, kwa shimo lililoanzishwa kwa nia nyingine. Hata hivyo hesabu ya mambo haiwezi kukwepwa. Miaka 12 ilipita kati ya ripoti za kwanza na ziwa kufikiwa, sampuli zilikuwa mkononi, maabara bora za nchi kadhaa zilishiriki, na bado jibu la nani anaishi ndani ya Ziwa Vostok halikupatikana kwa namna ya kumridhisha mwenye shaka wa haki. Roboti itakayotua Europa itakuwa na kipande kimoja au viwili, bila maabara ya pili ya kuhakiki.

Mafunzo ya Vostok yalizaa kazi ambayo haikutangazwa sana magazetini, nayo pengine ndiyo yenye faida kubwa kuliko zote. Mwaka 2005 Brent Christner, Priscu na wenzao walichapisha katika jarida la Icarus utaratibu wa kusafisha nguzo za barafu, wakisema wazi kwamba wanaiandaa njia ya sampuli zitakazotoka nje ya dunia. Hila yao ilikuwa kujichafulia kwa makusudi. Walipaka nje ya barafu bakteria wanaojulikana, wakaondoa tabaka za nje moja baada ya nyingine, kisha wakapima kama bakteria wale wale wamefika katikati. Wasipoonekana katikati, kinachopatikana humo kina haki ya kuitwa cha barafu. Kipimo kama hicho humwambia mtafiti ukubwa wa kosa lake mwenyewe, na bila kuujua ukubwa huo, tangazo la seli 200 kwa mililita halina uzito wowote.

Jitihada iliyofuata ilianza na usafi. Ziwa Whillans, chini ya mita 800 hivi za barafu magharibi mwa Antaktika, lilitobolewa Januari 2013 kwa maji ya moto badala ya mafuta. Maji hayo yalichujwa, yakapitishwa kwenye taa za mionzi ya urujuanimno, na vifaa vilivyoshushwa shimoni viliuawa vijidudu kwanza. Matokeo yalichapishwa katika Nature mwaka 2014: seli kama 130,000 kwa kila mililita, na aina karibu 4,000 za bakteria na vijidudu wa kundi jingine waitwao akea, wengi wao wakipata nishati kutokana na amonia, chuma na salfa bila kuhitaji jua. Zogo la Vostok halikujirudia, kwa kuwa maji ya kuchimbia nayo yalikuwa yamepimwa na yakaonekana tofauti na ya ziwa. Ni haki kukumbusha kwamba usafi wa namna hii una gharama na hauna dhamana. Waingereza waliokusudia kulifikia Ziwa Ellsworth kwa maji ya moto, kupitia zaidi ya kilomita 3 za barafu, waliacha kazi Desemba 2012 kwa sababu mashimo yao mawili yalishindwa kukutana chini ya uso wa barafu kama ilivyopangwa.

Wajerumani walichukua njia nyingine. Chombo chao IceMole hujipenyeza chenyewe kwa kuyeyusha barafu huku kikijivuta kwa parafujo iliyo kichwani, na kinaweza kupinda njia. Mwaka 2014 kilichukua maji ya chumvi ndani ya Taylor Glacier, Antaktika, mahali penye maporomoko mekundu yaitwayo Blood Falls. Wekundu huo, ambao mgunduzi wake Griffith Taylor mwaka 1911 aliudhania mwani, ni kutu: chuma kilichoyeyuka chini ya barafu hukutana na oksijeni ya nje. Mradi uliokiendeleza uliitwa Enceladus Explorer, na jina hilo linatosha kueleza kusudi.

Kuchimba kwa usafi hakumalizi tatizo, kwa maana sampuli safi kabisa inaweza kutoka mahali pasipo na kitu. Kazi ya chombo WATSON, kilichotengenezwa na maabara ya NASA ya Jet Propulsion Laboratory pamoja na wenzake, imelionyesha hili vizuri. Mwaka 2019 kilishushwa katika shimo la zaidi ya mita 100 karibu na kituo cha Summit, Greenland. Hakikupandisha barafu yoyote. Kilimulika ukuta wa shimo kwa leza ya urujuanimno na kusoma mwanga unaorudi, kwa kuwa molekuli za viumbe hung'aa kwa namna yake zikipigwa na mionzi hiyo, na sehemu ndogo ya mwanga hubadilika kwa njia aliyoieleza mwanafizikia wa India C. V. Raman. Teknolojia hiyo ni ndugu ya ile iliyo kwenye mkono wa Perseverance, gari lililotua Mirihi Februari 2021.

Matarajio yalikuwa kuona tabaka nyoofu, mwaka juu ya mwaka, kama yanavyoonekana majivu ya volkano. Yaliyoonekana ni madoa. Ng'aro za viumbe zilikuwa zimejikusanya makundi makundi, na katikati yake barafu tupu. Kwa anayepanga safari ya Europa, picha hiyo ni onyo la kihesabu. Kijiko kimoja cha barafu kikitolewa baina ya madoa, mashine bora kuliko zote itasema hakuna uhai na itakuwa imesema kweli kuhusu kijiko hicho. Kuna hoja nzito, basi, ya kutazama kwanza na kuchota baadaye: leza ipekue ukuta wote, kisha mkono uende palipong'aa. Mpango wa kuchota bila kutazama unaokoa kilo chache za mzigo na kuuachia bahati uamuzi uliogharimu mabilioni.

Afrika Mashariki ina sehemu ndogo lakini ya kweli katika habari hizi. Mwaka 2000 Lonnie Thompson wa Chuo Kikuu cha Ohio State alichimba nguzo sita za barafu juu ya Kilimanjaro, na iliyo ya kale zaidi alikadiria kuwa ya miaka 11,700. Lengo lilikuwa hali ya hewa. Viumbe wa barafu hiyo wamechunguzwa kidogo mno, na makala ya Zawierucha na Shain mwaka 2019 iliuliza waziwazi kama kizazi hiki ndicho cha mwisho kuweza kuwachunguza. Huko Rwenzori, upande wa Uganda, kundi la Jun Uetake lilieleza mwaka 2014 juu ya mafungu ya kuvumwani na vijidudu yanayoishi juu ya barafu ya Stanley, namna ambayo haikuwa imewahi kuelezwa. Barafu ya ikweta haifanani na gamba la Europa. Ina joto mno na jua kali mno. Lakini Mirihi ina volkano karibu na ikweta yake, Arsia Mons mojawapo, yenye alama za mito ya barafu ya kale, na volkano ya ikweta yenye barafu duniani, kama Kilimanjaro, si jambo la kuokota popote. Inayeyuka kabla ya kusomwa.

Baada ya kuona kitu, hubaki kukitafsiri. Mwaka 1976 vyombo viwili vya Viking vilipima udongo wa Mirihi. Jaribio moja lilitoa jibu lililofanana na uhai, lingine halikuona kaboni ya viumbe, na ubishi haujaisha. Phoenix ilipogundua perklorati, chumvi inayounguza kaboni ikipashwa moto, mwaka 2008 ilieleweka kwamba kuuchoma udongo, kama Viking walivyofanya, kunaweza kuteketeza kile kile kinachotafutwa. Kisha kuna jiwe ALH84001, kimondo kutoka Mirihi kilichookotwa juu ya barafu ya Allan Hills, Antaktika, mwaka 1984. Mwaka 1996 David McKay na wenzake walidai lina dalili za uhai wa kale. Miaka miwili baadaye kundi la Jeffrey Bada lilionyesha kwamba asidi za amino zilizomo zina mkono wa dunia hii: viumbe wa hapa hutumia karibu zote za umbo la kushoto, na hizo ndizo zilizoonekana, zikiwa zimeingizwa na maji ya barafu iliyoyeyuka. Barafu ilikuwa imelichafua jiwe la Mirihi kabla binadamu hajaligusa.

Uchafuzi una upande wa pili. Viking waliwekwa kwenye joto la zaidi ya nyuzi 110 kwa zaidi ya siku nzima kabla ya kurushwa, na kanuni za kimataifa zinataka uwezekano wa kuichafua bahari ya Europa usizidi moja katika 10,000. Galileo kiliangushwa makusudi ndani ya Mshtarii Septemba 2003 ili kisije kikagonga mwezi huo. Hata hivyo usafi wa vyumba vinavyoundiwa vyombo una mpaka. Tersicoccus phoenicis, bakteria aliyeelezwa mwaka 2013, alikuwa ameonekana mahali pawili tu: chumba safi cha Florida na chumba safi cha Guiana ya Ufaransa. Dawa na ukame wa vyumba hivyo vinawachuja wadhaifu na kuwaacha sugu, yaani wale wenye nafasi kubwa ya kufika salama.

Europa Clipper, kilichorushwa Oktoba 14, 2024, kinatarajiwa kuufikia mfumo wa Mshtarii mwaka 2030 na kuupita mwezi huo mara 49. Hakikuundwa kutafuta viumbe, kazi yake ni kupima kama wanaweza kuishi. Lakini kina kipima-vumbi kinachonasa chembe za barafu zilizorushwa kutoka kwenye uso, na majaribio ya Fabian Klenner na wenzake, yaliyochapishwa mwaka 2024, yalionyesha kwamba kifaa cha namna hiyo kinaweza kutambua chini ya asilimia 1 ya seli moja ndani ya chembe moja ya barafu. Bakteria aliyetumika, Sphingopyxis alaskensis, ni mzaliwa wa maji baridi ya Alaska.

Chombo cha kutua bado ni karatasi. Ripoti ya kamati ya NASA iliyotolewa mwaka 2017 ilipendekeza kichimbe angalau sentimita 10, ili kupita sehemu iliyounguzwa na mionzi, na kiwe na uwezo wa kutambua seli 100 kwa kila mililita. Kiwango hicho kiko karibu na hesabu ya chini ya Vostok, ile iliyozua ubishi wa miaka. Kabla ya mashine kama hiyo kupewa nafasi kwenye roketi, inafaa ipelekwe Antaktika ikiwa imekamilika, iwekwe juu ya barafu isiyoijua, iendeshe yenyewe bila mtu kuishika, na itoe majibu mawili: imeona seli ngapi ndani ya barafu, na ngapi kwenye maji yaliyokwisha kuuliwa vijidudu. Ikishindwa kuzitenganisha hesabu hizo hapa, ambako inaweza kurudishwa karakana, ibaki hapa.